Viti Vilivyovaa Ndala

Benchi lenyewe ni mlango. Zamani ulikuwa mlango wa ghala, ukaoza upande wa chini, ndipo fundi Randa akaukata palipooza, akaupigia miguu minne na kuulaza kando ya barabara, mbele ya duka la fotokopi, mahali ambapo jua la mchana halifiki. Kitasa chake bado kipo, na anayekikalia siku hiyo huwa mkali kuliko wenzake. Ng'ambo ya barabara kuna jengo la ghorofa nne, na chini ya jengo hilo kuna mkahawa wa dada yake Randa: ndani meza tatu, nje, kwenye sakafu pana ya zege, meza kumi na mbili. Alhamisi hiyo, saa nane na nusu mchana, viti vya nje vilikuwa bado vimepangwa ukutani vikisubiri jioni. Mzee Birika, ambaye huwamiminia kahawa watu wa benchi hilo, alikuwa ameshaichemsha. Kwenye benchi walikuwa watatu: Wakili, ambaye hajasomea sheria bali ndiye mwenye duka la fotokopi, na amerudufu hati nyingi za mahakama hata akaanza kuongea kama hati; Hewani, fundi wa redio; na Randa seremala, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa amekalia kitasa.

— Soma tena, alisema Randa.

— Nimesoma mara tatu.

— Soma pale penye viti.

Wakili akavaa miwani, ingawa barua alikuwa ameshaikariri.

— "Manispaa imepokea malalamiko ya kelele za viti kutoka kwa mkazi wa jengo. Afisa atafika Alhamisi saa kumi alasiri. Iwapo pande mbili hazitakuwa zimepatana, meza zote za nje ziingizwe ndani kila siku ifikapo saa mbili usiku." Hapa pana mambo mawili. La kwanza, viti. La pili, mkazi.

— Mkazi gani?

— Hawamtaji. Wanamlinda.

— Wanilinde na mimi basi. Dada yangu leo asubuhi amenitazama kama anavyotazama maziwa yaliyochacha.

Alikuwa na sababu ya kutazamwa hivyo. Mwezi uliopita, manispaa ilipotangaza sheria mpya ya kuzuia kelele za meza za nje, wenye mikahawa wengine walishika vichwa. Randa yeye alishika patasi. Alipita mtaa kwa mtaa akiomba ndala kuukuu, akajaza magunia mawili, akakata vipande mia moja tisini na mbili, kimoja kwa kila mguu wa kila kiti, akavibandika kwa gundi na kuvikaza kwa misumari midogo. Viti arobaini na nane vikavaa ndala: za bluu, za kijani, nyekundu, na nyingine zikiwa bado na shimo la kidole gumba. Usiku wa kwanza viti viliingizwa ndani bila kusikika hata kimoja. Dada yake, ambaye hamsifu mtu ovyo, alimwekea sahani ya pili bila kuombwa. Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Malalamiko yalipelekwa wiki iliyopita.

— Hapo ndipo akili yangu inapokwama, alisema Randa. Miaka minne viti vinaburuzwa saa sita usiku, vinalia mpaka meno yanauma, hakuna aliyefungua mdomo. Nimevinyamazisha. Wiki mbili tu, mtu anakwenda kushtaki viti. Kwa nini?

— Kwa sababu hujavinyamazisha, alisema Hewani. Umevizuia. Sauti haifi, ndugu yangu. Nimefungua redio miaka kumi na tisa, naijua. Ukiiziba huku inatafuta kule. Umeziba miguu, imeshuka kwenye zege. Ndani ya zege kuna bomba. Bomba linapanda ghorofani. Mtu wa ghorofa ya tatu anafungua maji usiku, anapata kiti.

— Anapata kiti kwenye ndoo? aliuliza Mzee Birika, akimimina.

— Mlio wa kiti, mzee.

— Na akifunga bomba?

— Unakatika katikati. Ndiyo maana amekasirika.

Mzee Birika akafikiri jambo hilo kwa heshima, kisha akampa Hewani kikombe kilichojaa kuliko vya wenzake. Randa hakucheka. Aliinuka, akavuka barabara, akachukua kiti kimoja kutoka ukutani na kukiburuza zegeni mbele na nyuma, huku Hewani akiwa amelaza sikio kwenye nguzo ya taa kama daktari anayesikiliza kifua.

— Unasikia nini?

— Nguzo.

— Kiti je?

— Kiti hakisikiki. Na hiyo ndiyo dalili mbaya yenyewe.

Randa akarudi na kukalia kitasa chake.

— Mimi nawaambieni mnatafuta palipo na mwanga, si kitu kilipopotea, alisema Wakili. Soma neno: mkazi. Mkazi si lazima awe mtu. Kwenye hati nimeona kampuni ikiitwa mkazi, nimeona chama cha ushirika kikiitwa mkazi. Sasa jiulize. Meza zikiingia ndani saa mbili, nini kinabaki nje?

— Sakafu, alisema Hewani.

— Sakafu tupu. Ya zege. Kuanzia saa mbili usiku mpaka asubuhi. Nani anaihitaji?

— Nani?

— Mwenye kitu kikubwa.

— Kitu gani?

— Hicho ndicho wanachokificha.

— Kwa hiyo kampuni imekodi chumba humo, imelala ndani miaka minne, inasubiri ndala zangu? aliuliza Randa.

— Sikusema imelala. Kampuni hailali. Na hapo ndipo tutakapoishinda, maana asiyelala hawezi kusema ameamshwa.

Wakili akanywa kahawa yake kama mtu aliyemaliza kesi. Randa alikuwa ameshaacha kumsikiliza. Alikuwa anatazama madirisha. Kwa upande huu yalikuwa ishirini na moja, na ilimshangaza kwamba hakuwahi kuyahesabu. Mbao alizihesabu, misumari aliihesabu, miguu ya viti aliihesabu mia moja tisini na mbili bila kukosea. Lakini madirisha aliyokuwa akiyatazama kila siku, kikombe mkononi, yalikuwa kwake ni ukuta tu wenye mashimo. Hapa pazia la kijani, pale kopo la bati lenye mche, pale shati likining'inia kichwa chini. La nani? Anayelivaa huenda wapi, na hurudi saa ngapi?

Dada yake akatokea mlangoni mwa mkahawa, akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, kitunguu mkono mmoja na kisu mkono wa pili.

— Mmempata?

— Tumekaribia, dada, alisema Wakili.

— Ninyi mnakaribia tangu nilipokuwa na meza mbili. Randa, ni saa tisa.

— Najua, dada.

— Wauguzi wa zamu wananiuliza tangu juzi kama kesho watapata pa kukaa. Walinzi nao. Yule mama wa kufagia stendi naye. Hao saa mbili ndiyo kwanza wanavua viatu vya kazi, mimi niwe naingiza meza? Ndani nina meza tatu. Nitawakalisha watu mapajani?

— Tukimpata tutapatana naye.

— Mkimpata. Karatasi inasema mpaka saa kumi. Dada akazungusha kitunguu kiganjani. Au gundi imeachia? Sema kweli, sitakugombeza.

— Haijaachia hata kipande kimoja. Nimevikagua vyote jana.

— Basi sielewi, alisema dada, na kwa sauti yake ilikuwa wazi kwamba kutokuelewa kulimuuma zaidi ya hasira. Akarudi jikoni.

Mzee Birika akaweka birika chini.

— Mimi nina neno, ila mtanicheka.

— Hatukucheki, mzee.

— Zile ndala ulizitoa wapi?

— Kwa watu. Huku na huku.

— Umewajua wote?

— Nitawajuaje, mzee? Ndala mia na ushee.

— Hapo. Ndala ya mtu huzoea safari za mwenyewe. Ya mlinzi inajua kuzunguka ukuta usiku kucha. Ya mama mwenye mtoto mchanga inajua kutoka kitandani kwenda jikoni na kurudi. Umechukua ndala ya mlinzi ukakivisha kiti mguu wa mbele, ukachukua ya mama mzazi ukakivisha wa nyuma. Unadhani usiku kiti hicho kinatulia? Mguu mmoja unataka kuzunguka, mwingine unataka jikoni.

— Kwa hiyo viti vinatembea.

— Sijasema vinatembea. Nasema vinavutana.

— Vimefungiwa ndani, mzee, na dada ana kufuli.

— Ndiyo maana ni kelele, alisema Mzee Birika, na kila mtu akaona kwamba kwa namna fulani alikuwa amejibu.

— Mzee anakaribia ukweli kwa njia ya kienyeji, alisema Hewani. Si kutembea. Ni kutunza. Raba inatunza sauti kama betri inavyotunza umeme. Kila usiku unaburuza, haitoki, inaingia ndalani. Wiki tatu sasa. Siku zitakapojaa, vyote arobaini na nane vitalia kwa mpigo.

— Lini?

Hewani akahesabu kwa vidole, akafika kidole cha saba, akaanza upya.

— Kisheria, alisema Wakili, hiyo itakuwa kelele moja tu.

Ikawa saa kumi kasorobo. Randa alikuwa amesimama sasa, mikono nyuma, macho kwenye pazia la kijani. Hakuona mwanamke aliyefika mpaka alipotoa salamu.

— Habari za usiku, jamani.

Wote wakatazama jua. Lilikuwa mahali pake, juu ya paa la benki. Aliyesalimia alikuwa mama wa makamo, amefunga kitambaa kichwani, ana mfuko wa sokoni wenye mchicha, na ndani ya kucha zake kulikuwa na weupe usiotoka kwa kunawa.

— Nzuri, alisema Mzee Birika, ambaye hasalimii mtu bila kumimina. Karibu kahawa, mama.

— Ahsante, kahawa hapana. Naenda kulala.

Birika ikabaki hewani. Miaka yote ya benchi lile, watu walikuwa wamekataa mengi pale, lakini kahawa haikuwahi kukataliwa kwa sababu hiyo.

— Nina swali dogo tu, akaendelea yule mama. Nimeona afadhali niwaulize ninyi, maana kila nikipita mnakuwepo. Vile viti vya pale chini vilihamia wapi?

Wakatazamana.

— Viti si vile pale ukutani? alisema Wakili.

— Vile nimeviona. Vile havisemi. Nauliza vya zamani, vilivyokuwa vinalia saa sita.

Hewani akatazama nguzo yake. Randa akatoa mikono mgongoni, akamsogelea.

— Mama, samahani, wewe unakaa wapi?

— Pale kwenye pazia la kijani. Mwaka wa tano sasa. Nakupita hapa kila siku, fundi. Wewe ni Randa, huyu Wakili, yule Hewani, na mzee wa birika. Nawasikia mnavyobishana.

— Sisi hatujawahi kukuona.

— Mtanionaje? Mnakuwa mnaongea.

Akatua mfuko wake kwenye mwisho wa benchi, akakaa kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu mchana hakuna aliyemkatiza mwenzake. Alikuwa mwoka mikate. Zamu yake huanza saa saba usiku, kwenye tanuri la nyuma ya stendi, na hurudi jua likiwa limeshapanda. Hulala saa kumi na moja jioni. Wanaokula hapo chini hawamsumbui, wanamlaza.

— Naishi peke yangu, fundi. Mtu wa peke yake akisikia vijiko na watu wakicheka kwa mbali, analala. Kisha saa sita wanaondoka, viti vinaburuzwa, krrr, krrr, naamka, nanawa uso, nakwenda kazini. Miaka minne sijachelewa hata siku moja. Sasa siku hizi watu wanaondoka, kimya kinaingia taratibu kama maji, na mimi nazidi kuzama. Nimechelewa mara mbili. Msimamizi amesema ya tatu nisije.

— Simu yako haina kengele? aliuliza Hewani.

— Inayo. Naizima mwenyewe nikiwa usingizini, asubuhi sikumbuki. Viti vyenu sikuwa na kidole cha kuvizima.

— Sasa, mama, alisema Wakili taratibu, ni wewe uliyekwenda manispaa?

— Nilikwenda kuuliza tu. Nilisema, nina shida kuhusu viti vya mkahawa. Dada wa dirishani akanipa fomu. Kwenye fomu kuna vyumba vinne: Kelele, Moshi, Taka, Maji Machafu. Akaniuliza, shida yako iko kwenye kipi? Nikafikiri, nikamwambia, nadhani inahusu kelele. Akaniwekea alama.

— Inahusu, alisema Wakili kwa sauti ya mtu anayeona hati nzuri ikiraruka.

— Hapakuwa na chumba cha kuandika kwamba kelele zimekwisha.

Randa alivuka barabara akikimbia, akaita dada, dada, kisha akarudi naye akimshika mkono kama alivyokuwa akimshika walipokuwa wadogo. Dada alisikiliza maelezo yote, kitunguu bado mkononi, akamtazama mwoka mikate kutoka kitambaa mpaka viatu.

— Mkate wa kwenye meza zangu unatoka nyuma ya stendi, alisema.

— Najua. Naukanda mimi.

— Na siku mbili zile mkate ulipokuja umechelewa, nikawatukana watu wa tanuri.

— Nilisikia.

Wanawake hao wawili wakatazamana, na yule aliyekuwa na kitunguu akaanza kucheka kwanza.

— Tumpe saa moja ya ukutani, alisema Hewani. Naweza kuiunganisha na kipaza sauti kikubwa.

— Wewe kaa, alisema dada. Randa, toa ndala.

— Zote?

Hapo alisita, na alistahili kusita. Vipande mia moja tisini na mbili, magunia mawili, mikono yenye malengelenge. Alitazama vile viti vilivyojipanga ukutani na rangi zao, kama watoto wa shule waliovaa viatu vya mitumba, na kwa kweli alivipenda.

— Zote hapana, alisema yule mama. Miye ni mtu mmoja. Kimoja kinanitosha.

Randa akachomoa koleo mfukoni, akavuka barabara. Alichagua kiti cha ndala nyekundu, akakilaza kifudifudi, akang'oa misumari, akabandua vipande vinne na kuvitia mfukoni. Miguu ya mbao ikabaki peku. Alikuwa anakisimamisha pale bwana wa manispaa alipofika na mkoba wake, saa kumi kamili.

— Nani mmiliki? aliuliza bwana huyo. Na mlalamikaji amepatikana?

— Wote ni sisi, alisema dada. Tumepatana.

— Vizuri. Mmepatana kupunguza kelele?

— Kuongeza.

Bwana wa manispaa akatoa kalamu mdomoni.

— Kwa kiasi gani?

— Kiti kimoja, alisema Randa. Mara moja. Saa sita.

— Nikisikie.

Randa akakishika kiti kwa mgongo, akakivuta zegeni hatua tano. Kililia kama kilichokuwa kimebanwa wiki tatu. Wakili akashika mashavu. Hewani akanong'ona, unaona, kilikuwa kinatunza. Mzee Birika akafunika birika yake kwa kiganja. Mwoka mikate peke yake ndiye aliyetabasamu, akapiga miayo, akasema:

— Ndicho chenyewe.

Bwana wa manispaa alikaa benchini, upande wa kitasa bila kujua, akaandika kwa muda mrefu. Mlalamikaji akatia sahihi kwamba hana tena malalamiko. Dada akatia sahihi. Muhuri ukagongwa: meza za nje, mpaka saa sita usiku. Dada akaibana karatasi kwapani na kukimbilia jikoni, maana kulikuwa na kitu kinaungua na hakujali. Mwoka mikate akabeba mchicha wake, akawatakia usiku mwema, akaingia ngazini.

— Suala la meza limekwisha, alisema bwana wa manispaa akifunga mkoba. Kimebaki kile kiti. Huyu mama anataka kuamka saa sita. Mle ndani wanalala watu wangapi wengine, na wao wanataka kuamka saa ngapi?

Hewani alihesabu vidole, akafika cha saba, akaacha. Mzee Birika, ambaye humimina kila anapokosa neno, aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Likatoka tone moja, likafuatwa na moshi mwembamba, basi.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Randa alikuwa bado ameshika kiti. Alihesabu tena madirisha, yakawa yale yale ishirini na moja. Moja sasa alilijua. Akaingiza mkono mfukoni, akavipapasa vile vipande vinne vyekundu, akavirudisha miguuni pa kiti kimoja kimoja, bila gundi, ili saa sita avitoe tena kwa mkono. Kisha akavuka mlango wa jengo ambalo kwa miaka minne alikuwa ameishia kwenye sakafu yake, akapanda ngazi zenye harufu ya sabuni na vitunguu, mpaka mlango wa kwanza wa ghorofa ya kwanza. Mbao yake ilikuwa nzuri, aliigusa kabla ya kuigonga.

Chini benchini walitega masikio.

— Hodi, alisema Randa.